Kwani Kukanda Nako Kunasomewa?

Juzi kwenye harusi, bwana mmoja niliyeketi naye meza moja aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia masaji. Akacheka kile kicheko ambacho wenzangu wa fani mnakijua vizuri. Alipoona mimi sicheki, akatafuta pa kutokea: "Lakini ndugu yangu, kwani kukanda nako kunasomewa?"

Nikanyamaza, heshima ya maharusi. Usiku huohuo nafungua simu, nakutana na tangazo: uwe mtaalamu wa masaji kwa siku mbili, masomo yote kwa video, cheti unatumiwa kwa barua pepe. Sasa yule bwana utamlaumu vipi?

Siku mbili! Sisi baada ya siku mbili tulikuwa bado kwenye shuka. Sitii chumvi. Kumfunika mteja, kufunua mguu mmoja tu, kubana ukingo wa shuka chini ya paja, kumgeuza kutoka kifudifudi hadi chali asibaki uchi hata kidogo: hayo tulifanyishwa mpaka nikaota shuka. Na mtu aliyelala mbele yako bila nguo huanza kukuamini, au kukuogopa, kwenye shuka, kabla hujamgusa.

Nitakubali jambo moja, kwa shingo upande. Mapigo yenyewe si kitendawili. Masaji ya Kiswidi, ambayo ndiyo vyuo vingi huanza nayo, ina mapigo matano: kupapasa kwa kuteleza, kukanda, kusugua, kugongagonga na kutetemesha. Mtu mwenye mikono myepesi anaweza kuyashika mwisho wa wiki moja. Na wapo wazee ambao hawakuingia darasani hata siku moja lakini vidole vyao vinausoma mgongo kuliko vyangu. Sawa. Lakini hao nao hawakujifunza kwa siku mbili, walishika miili ya watu miaka na miaka huku aliyewatangulia akiwasimamia.

Kinachochukua muda ni kujua wapi usishike, na lini usishike kabisa. Nyuma ya goti pana kishimo ambapo mshipa mkubwa wa damu na mishipa ya fahamu imepita bila ulinzi wa maana. Hapo huchimbi kwa kidole gumba. Pembeni ya koo pana sehemu ambayo ukiibonyeza vibaya mapigo ya moyo hushuka na mtu anaweza kuzimia mikononi mwako. Chini ya mbavu za mwisho kwa nyuma kuna figo, na wewe umekuja na kiwiko. Mwenye homa humkandi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda humkandi kwa nguvu, hata akikusihi. Video haitakuuliza mteja wako anakunywa dawa gani.

Mwezi wa tano wa mafunzo nilikuwa kwenye kliniki ya wanafunzi, pale ambapo mteja anakandwa na mwanafunzi huku mwalimu akizungukazunguka. Akaingia mama mmoja ametoka safari ya saa nyingi za kukaa. Hakutaka mgongo wala mabega, alitaka shavu la mguu wa kushoto tu. "Umekaza, mwanangu. Ukande kwa nguvu, usiniogope." Nikamuuliza, na wa kulia, mama? "Huo hauna neno." Mikono yangu ilishapata mafuta. Ndipo nikaitazama miguu yote miwili kwa pamoja: wa kushoto ulikuwa umevimba, ngozi imewiva, na nilipoweka mgongo wa kiganja ulikuwa na joto ambalo mwenzake hakuwa nalo.

Mguu mmoja uliovimba namna hiyo baada ya safari ndefu unaweza kuwa na donge la damu lililoganda kwenye mshipa wa ndani. Ukilikanda likang'oka, linapanda hadi kwenye mapafu, na watu hufa hivyo. Nikamwita mwalimu. Akatazama mara moja tu, akamwambia mama aende hospitali muda huo, asisubiri kesho. Mama alikasirika kwelikweli. Alisema tumempotezea muda, kwamba angekwenda kwa mtu mwenye nguvu badala ya watoto wa shule. Hakurudi kutuambia alichokutwa nacho. Mpaka leo, nikishika shavu la mguu wa mtu yeyote, kwanza natazama la pili.

Mpeni huyo mama mhitimu wa siku mbili, mwenye nguvu na hamu ya kuonyesha anajua kazi.

Halafu kuna mwili wako mwenyewe. Mwanafunzi mpya hukanda kwa vidole gumba, na vidole gumba vina mwisho. Mwalimu wetu alikuwa hatazami mikono kabisa, anatazama nyayo. "Miguu! Miguu!" Maana nguvu hutoka kwenye hatua, uzito wa mwili unashuka kupitia mkono ulionyooka, na kidole kinaongoza njia tu. Kulielewa hilo kwa akili kulinichukua dakika moja. Mabega yalilielewa baada ya miezi.

Na jamani, hadithi kwamba masaji "hutoa sumu" mwilini tuiache. Sumu ipi? Ini na figo mmewapeleka likizo?

Wenzetu mahali pengine hawafanyi mchezo. Jimbo la New York linadai saa 1,000 za mafunzo kabla ya leseni. Japani ni miaka mitatu ya chuo na mtihani wa taifa juu yake, na huko, tangu karne ya 17, wasioona wamekuwa na shule zao za ukandaji. Hata kile kicheko cha harusini kina umri: mwaka 1894 jarida moja la madaktari wa Uingereza lilichapisha kashfa za nyumba za masaji zilizodaiwa kuwa madanguro, na wauguzi wanne wa London wakajibu kwa kuanzisha chama na kuweka mtihani. Chama hicho ndicho baadaye kikawa cha wataalamu wa fiziotherapia.

Kwa hiyo nikawaandikia wenye tangazo, kwa adabu zote: ni somo la ngapi linalofundisha la kufanya mteja akija na mguu mmoja uliovimba na una joto? Walijibu baada ya dakika tatu. Wamenipa punguzo la nusu bei nikijiunga kabla ya Ijumaa.