Kabla ya Kuhama Windows, Iulize Printa

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 10 imeachwa na Microsoft. Watu binafsi wamepewa mwaka mmoja wa nyongeza wa masasisho ya usalama, kwa sharti la kujiandikisha, na nyongeza hiyo inaishia Oktoba 2026. Kompyuta haitazima siku hiyo. Itawaka kama kawaida, ila matundu mapya yakigundulika hakuna wa kuyaziba.

Kwa Mwanza jambo hili ni zito kuliko linavyosemwa. Pita steshenari za Malimbe karibu na chuo kikuu cha SAUT, pita Buzuruga, Nyegezi, vuka hadi Nansio: mashine nyingi ni used za HP EliteBook 840 G3, ThinkPad T460 au Dell OptiPlex 7010 ya zamani. Ni mashine ngumu na zina kazi ndani yake, lakini prosesa zake ni za kizazi cha 3 hadi cha 6. Windows 11 inataka TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, na, kwa upande wa Intel, kizazi cha 8 kwenda juu. Kwa hiyo hazimo kwenye orodha.

Mafundi wana jibu lao: wanapiga Windows 11 kwa nguvu. Rufus, programu ya kuandaa flashi ya usanidi, inaweza kutengeneza flashi isiyokagua TPM, na mfumo unaingia. Tatizo linakuja baadaye. Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine isiyo na sifa, na toleo jipya la kila mwaka haliji lenyewe; fundi arudi alilazimishe tena. Halafu kuna ile programu ya kuamsha leseni ya bandia, ambayo sharti lake la kwanza ni uzime antivirusi. Mwenye duka anayepokea vyeti vya kuzaliwa, namba za NIDA na nywila za wateja wanaoomba mikopo ya HESLB au kazi za Ajira Portal hana sababu ya kukubali sharti hilo.

Msimamo wangu ni kwamba mashine hizo zihamie Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaokaa mahali pa Windows. Toleo la 22 na ndugu zake 22.1 na 22.2 yana masasisho hadi 2029, hakuna leseni ya kununua, na mpangilio wa skrini yake haumpotezi mtu aliyezoea Windows. Ila wanaopigia debe Linux huanza na uzuri wa skrini na kasi, wakati steshenari inakula kwa karatasi inayotoka. Printa ndiyo yenye kura ya kwanza, na isipokubali, hoja nyingine zote hazina kazi.

Epson za matangi, kama L3110 na L3210, zinakubali. Kuprinti hakuna shida kwa draiva ya ESC/P-R. Kuskani huwa kunahitaji Epson Scan 2, ambayo Epson wenyewe wanaitoa kwa Linux kama faili la deb, yaani faili la kusanidi programu kwenye Mint. Kinachosahaulika ni siku printa itakapogoma na kusema sponji ya wino imejaa. Programu ya kuriseti ambayo mafundi wengi wanayo ni ya Windows. Kama una Epson, hakikisha kuna mashine moja ya Windows unayoweza kuifikia, hata ya jirani.

HP LaserJet ndogo nazo zinakubali, kwa masharti. Modeli kama 1018 na 1020 hazina programu yake ya ndani iliyohifadhiwa moja kwa moja. Kila zikiwashwa husubiri kupelekewa na kompyuta. Mint ina HPLIP, yaani draiva za HP za Linux, lakini kipande chenye programu hiyo ya ndani ni mali ya HP na hakiji ndani ya mfumo. Dalili yake inachanganya watu: kazi inaonekana imetumwa, foleni inasafika, karatasi haitoki. Hapo wengi huanza kubadilisha waya wa USB, kisha wanaituhumu tona. Dawa ni kufungua teminali, kuandika hp-plugin, na kukubali ipakue. P1102 nayo inataka hivyo hivyo. Intaneti inahitajika mara hiyo moja, na tena kila HPLIP itakapopanda toleo, kwa kuwa toleo la kipande lazima lilingane na la HPLIP.

Canon LBP2900 ni kesi mbaya. Inatumia CAPT, lugha ya Canon wenyewe ya kuzungumza na printa, na draiva yake ya Linux ni ya zamani, ya kubembeleza. Kama hiyo ndiyo printa pekee dukani, singehama mpaka ibadilishwe. Mashine kubwa ya fotokopi inayoelewa PostScript au PCL, lugha za kawaida za printa, haina neno. Inaunganishwa kwa waya wa mtandao na kazi inaendelea.

Uzuri ni kwamba majibu yote haya unayapata bila kugusa diski. Pakua faili la Mint Cinnamon, lile toleo lake kuu, karibu GB 3, usiku kama bando lako ni la usiku. Likikamilika, usiliamini hivyo hivyo, maana intaneti ya kukatika-katika huacha faili lenye kasoro na usanidi unakwama katikati bila maelezo. Kwenye Command Prompt ya Windows andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, ulinganishe herufi na zile zilizo kwenye tovuti ya Mint. Zikitofautiana hata moja, pakua upya. Kisha Rufus, flashi ya GB 8, na kuwasha upya: F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP. Mint itafunguka ikiendeshwa kutoka kwenye flashi. Hapo chomeka printa, printi ukurasa, skani kitambulisho, jaribu Wi-Fi, modemu na sauti. Itakuwa nzito kidogo. Usiihukumu kasi hapo.

Wi-Fi ikikosekana, mara nyingi chipu ni Broadcom. Unganisha simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti, fungua Driver Manager, nayo itapendekeza draiva. Kama Secure Boot, ulinzi wa bayosi unaokagua kinachowashwa, iko kazini, ukija kuiweka draiva hiyo kwenye Mint iliyokwisha kusanidiwa utaombwa uweke nenosiri, na ukiwasha upya itatokea skrini ya buluu yenye maneno ya MOK. Wengi huibonyeza ipite. Usiipite: chagua Enroll MOK, andika nenosiri lile, la sivyo draiva haitapakiwa na utadhani Linux imeikataa mashine yako.

Jambo jingine la majaribio: diski yenyewe. Kwenye baadhi ya laptopu, kisanidi hakioni diski kabisa kwa sababu bayosi imewekwa RAID au Intel RST. Ibadilishwe kuwa AHCI. Lakini ukiibadilisha huku Windows bado unaihitaji, Windows hiyo inaweza isiwake, kwa hiyo nakala za faili zitangulie.

Na nakala ni nakala kweli: Documents, Desktop, Downloads, picha, faili za barua kama mtu anatumia Outlook, na nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Ziwe kwenye diski ya nje, si kwenye D ya diski ileile. Chaguo la Erase disk halijui tofauti ya C na D. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows, tafuta kwanza ule ufunguo wa tarakimu 48. Ukibadilisha mpangilio wa kuwasha, Windows itauuliza, na bila huo hakuna mlango mwingine.

Kuweka mifumo miwili kwenye mashine moja kunapendwa sana na mafundi. Kwa duka sikupendekezi. Mteja anasubiri, mhudumu anazima Mint ili afungue Windows kwa faili moja la Publisher, foleni inakua. Isitoshe kuna kero za kiufundi. Windows yenye Fast Startup haizimiki kikamilifu, hivyo Mint inakuta diski imefungwa nusu na hairuhusu kuandika. Inabidi uandike amri powercfg /h off kwenye Windows. Saa nayo inaruka saa tatu, kwa sababu Windows huweka saa ya mashine kwa saa za Afrika Mashariki na Linux huiweka kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia. Amri timedatectl set-local-rtc 1 inamaliza hilo. Yanatibika yote, ila kwa nini ujipe wagonjwa?

Ukiamua, diski ya zamani ya kuzunguka iondoke kwanza, iingie SSD ya GB 240. Hakuna mfumo utakaofidia diski iliyochoka. Rami ya GB 4 inabeba Cinnamon kwa barua na tovuti chache. Zaidi ya hapo ongeza iwe 8, na mashine ya GB 2 ipewe toleo jepesi la Xfce. Kwenye mipangilio ya lugha chagua Kiingereza cha Uingereza, si cha Marekani. Inaonekana upuuzi, lakini cha Marekani huja na karatasi ya Letter, milimita 216 kwa 279, huku trei yako ina A4 ya 210 kwa 297. Printa inakaa inapepesa taa ikidai karatasi nyingine, au barua inatoka imekatwa chini. Desktopu isiyo na UPS usiisanidi wakati umeme wa mtaa unacheza. Kwenye SSD kazi yenyewe haimalizi saa nzima.

Baada ya hapo kuna herufi, na hapa ndipo wateja watalalamika. Mwanafunzi analeta tasnifu ya Times New Roman, ukurasa wa yaliyomo umepangwa vizuri, LibreOffice, ambayo kwenye Mint inashika nafasi ya Word, inaifungua na vichwa vimesogea. Mint ina herufi za Liberation Serif, ambayo vipimo vyake vinalingana na Times New Roman, pamoja na Carlito badala ya Calibri na Caladea badala ya Cambria kama vifurushi vyake vimewekwa. Hivyo mistari kwa kawaida hukatika palepale. Weka pia ttf-mscorefonts-installer upate Times New Roman na Arial zenyewe. Calibri haimo humo. Kinachovurugika zaidi ni visanduku vya maandishi, michoro ya SmartArt na majedwali yaliyobanwa. Ushauri wangu kwa steshenari: bandika tangazo ukutani kwamba kazi ya kuprinti tu iletwe ikiwa PDF. Ingepunguza ugomvi hata kwenye Windows.

Picha za pasipoti zinahama bila shida kubwa kwenda GIMP, programu ya kuhariri picha, ingawa mhudumu aliyezoea njia za mkato za Photoshop atanuna wiki ya kwanza. CorelDRAW na faili za Publisher ni jambo jingine. LibreOffice Draw hufungua faili la Publisher kwa makadirio. Kadi ya harusi iliyosukwa humo itatoka imepotoka. Duka linaloishi kwa kadi na mabango, au mfanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni Kirumba mwenye hesabu zake ndani ya programu ya Tally au Excel yenye makro nyingi, abaki Windows na anunue mashine inayokubalika. Mifumo ya serikali inayofunguliwa kwenye kivinjari, ya TRA, BRELA na Ajira Portal, inafanya kazi kwa Firefox au Chrome bila kujali chini kuna nini.

Faida ambayo steshenari itaiona siku ya kwanza ni flashi za wateja. Kile kirusi kinachogeuza folda kuwa njia za mkato ni cha Windows. Kwenye Mint hakifanyi kazi, na folda kilizozificha zinaonekana wazi, hata ile isiyo na jina ambamo faili zote zimesukumwa. Futa faili za lnk na vbs, mrudishie mteja kazi yake. Usiache kuzifuta, kwani Mint haiugui lakini inaweza kumpitishia ugonjwa mwenye Windows.

Kwa duka lenye mashine mbili, ningeigawa kazi hivi: moja Mint, ya intaneti, maombi ya wateja na kupokea flashi, nyingine Windows, isiyounganishwa na mtandao, kwa ajili ya kuriseti Epson na zile kadi za Publisher. Faili zote za kwenda kwenye ya pili zipite kwanza kwenye ya kwanza.