Risasi ya kichwa? Hapo tumepishana

Ndugu mwandishi, makala yako kuhusu msimu wa kuwinda kulungu huku Pennsylvania, Marekani, nimeisoma mpaka mwisho, ila pale uliposema risasi ya kichwa ndiyo yenye huruma kuliko zote, tumepishana. Ubongo wa kulungu ni mdogo, na kichwa chake hakitulii hata kidogo. Ukikosea kwa vidole vitatu tu unavunja taya, mnyama anatoroka, halafu anakufa kwa njaa siku nyingi baadaye. Niliwahi kumkuta mmoja wa hivyo, ulimi unaning'inia, mbavu unazihesabu. Sijamsahau.

Mimi nangoja kulungu anipe ubavu. Unaufuata mguu wa mbele kwenda juu, unalenga nyuma tu ya bega, kama theluthi moja kutoka chini ya kifua. Hapo ndipo penye moyo na mapafu, eneo la upana wa sahani, kwa hiyo hata mkono ukitetemeka kidogo haendi mbali. Akikutazama uso kwa uso au akikupa mgongo, shusha bunduki!

Damu ikiwa nyekundu ya kung'aa yenye povu, umepata mapafu. Subiri nusu saa, umfuate. Ukiona uchafu wa kijani kwenye majani, umempiga tumbo. Huyo ukimkurupusha utampoteza, bora ukae masaa manane au zaidi. Mwaka jana nilikaa hivyo kwenye baridi, kwa kosa langu mwenyewe, mpaka chai ya kwenye chupa ikaisha.