Kilti ya Sherehe Inastahili Soksi za Rangi

Katika harusi nyingi za Uskoti siku hizi, bwana harusi, wasimamizi wake na wageni wengi wa kiume huvaa kilti, vazi la marinda mfano wa sketi inayofika gotini, za tartani mbalimbali, yaani kitambaa cha sufu chenye ruwaza ya miraba na mistari, nyingine nyekundu, nyingine za kijani au buluu, lakini ukiteremsha macho chini ya goti unakuta wote wamevaa soksi zilezile za rangi ya maziwa. Kilti moja ya sherehe huchukua yadi 8 hivi za kitambaa cha sufu, ikakunjwa marinda kwa mkono na kushonwa kwa vipimo vya mvaaji mmoja. Kuimalizia kwa soksi ambazo hazikuchaguliwa kwa ajili yake ni kuiacha kazi njiani. Msimamo wangu ni kwamba soksi nyeupe na za maziwa ziachwe kwa bendi zinazovaa sare, na kwamba mtu anayekwenda kwenye shughuli rasmi atafute rangi ya soksi ndani ya tartani yake mwenyewe, akipendelea rangi iliyokolea.

Wanaozitetea soksi za maziwa husema kwamba ndiyo mila, na hapo ndipo ninapokataa kabisa. Zamani, kabla ya soksi za kufumwa kwa sindano kuenea katika Nyanda za Juu za Uskoti, soksi zilikatwa kutoka kwenye kitambaa kilekile cha sufu cha tartani, zikakatwa kwa mshazari ili kitambaa kisichovutika kipate kunyumbuka kidogo kwenye shavu la mguu, kisha zikashonwa kwa nyuma. Kwa kuwa kitambaa kililala upande, miraba yake ilisimama kwa pembe, na ruwaza hiyo ya miraba iliyosimama ndiyo ambayo mpaka leo dunia nzima inaijua kwa jina la Argyll, eneo la ukoo wa Campbell magharibi mwa Uskoti. Picha ya Kanali Alastair Macdonell wa Glengarry, aliyoichora Henry Raeburn mnamo mwaka 1812 hivi na inayotunzwa Edinburgh, inamwonyesha bwana huyo amesimama katika vazi lake kamili, na soksi zake ni za vimraba vyekundu na vyeupe. Vikosi vya jeshi navyo vilishika desturi hiyo: Black Watch walijulikana kwa vimraba vya nyekundu na nyeusi, Argyll and Sutherland Highlanders kwa nyekundu na nyeupe, na Cameron Highlanders kwa nyekundu na kijani. Hizo ndizo soksi za heshima walizovaa watu wa kilti walipotaka kupendeza.

Soksi za maziwa zilitapakaa katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, biashara ya kukodisha mavazi ya harusi ilipopanuka. Mwenye duka anayekodisha kilti za tartani nyingi hana haja ya kuweka rangi kumi za soksi ikiwa rangi moja haigombani na yoyote. Simlaumu kwa hesabu zake, maana ni hesabu za biashara. Ila mteja asiambiwe kwamba anavaa urithi wa mababu, wakati anachovaa ni kile kilichorahisisha kazi ya ghala.

Jinsi ya kuchagua si jambo gumu, lakini linataka subira kidogo na mwanga wa mchana. Itandaze kilti karibu na dirisha, kisha acha rangi kubwa ya tartani na utazame mistari myembamba. Tartani iitwayo Royal Stewart, kwa mfano, imetawaliwa na nyekundu, na mtu asiye na uzoefu hukimbilia soksi nyekundu, akaishia kuwa mwekundu kuanzia kiunoni hadi kwenye vifundo. Ndani ya tartani hiyo kuna kijani na buluu iliyoiva, na soksi ya mojawapo ya rangi hizo huifanya nyekundu ya kilti ionekane imekusudiwa. Tartani ya kikosi cha Black Watch ni ya buluu, kijani na nyeusi, basi kijani cha chupa huikaa vizuri mno. Na tartani ya Gordon, inayofanana nayo ila imeongezwa mstari wa njano, humruhusu mvaaji wa mchana kuthubutu hata rangi ya haradali. Mtu aliyezoea kuchagua blauzi ya kuvaa na kanga ataelewa upesi, kwa sababu rangi inayopendeza mara nyingi haiko katikati ya mji bali imejificha kwenye pindo.

Saa ya shughuli nayo ina neno. Mchana, pamoja na koti la twidi, kitambaa kizito cha sufu, soksi za rangi moja zinatosha: kijivu, kahawia, damu ya mzee, au kijani kilichofifia kama cha vilima. Usiku, kwenye chakula cha kumkumbuka mshairi wa Uskoti Robert Burns tarehe 25 Januari au dansi ya Mtakatifu Andrea, msimamizi wa Uskoti, mwishoni mwa Novemba, mtu akivaa koti jeusi fupi la usiku liitwalo Prince Charlie lenye vifungo vya fedha, shati jeupe na tai ya kipepeo, hapo soksi za vimraba au za ruwaza ya Argyll ndizo mahali pake hasa, na asiye nazo avae rangi moja iliyokolea, kama buluu ya usiku. Weupe wa shati uko kifuani ili macho ya watu yatulie usoni. Ukiweka weupe mwingine kwenye shavu la mguu, macho yanavutwa chini, na kwenye picha za usiku zenye mwanga mkali ndiyo kitu cha kwanza kuonekana.

Soksi nyeusi siku hizi zina wapenzi wengi, hasa vijana. Kwenye mazishi nazikubali bila swali. Kwenye sherehe naona zinaufanya mguu upotee ndani ya kiatu cheusi, lakini walau hazipigi kelele.

Rangi ikishapatikana, usisahau utepe unaoning'inia chini ya pindo la soksi, umefungwa kwenye mpira unaoishika soksi isiteremke. Soksi ya kijani hupendezwa na utepe mwekundu, ya damu ya mzee hupendezwa na wa kijani au buluu, na soksi yenye vimraba inataka utepe wa rangi moja, la sivyo mguu unajaa mambo. Pindo likae vidole vitatu hivi chini ya goti, na utepe uchomoze kidogo tu upande wa nje; ukitazama mbele kama tai ya shingoni umekosewa. Mpini wa sgian dubh, kile kisu kidogo kinachochomekwa kwenye soksi, uonekane juu ya pindo upande wa mkono unaoutumia zaidi.

Kwa ndugu zetu wanaoishi Glasgow, Aberdeen au Edinburgh, ambao hualikwa harusini na kukodi vazi zima kwa siku moja, ushauri wangu ni huu: kodi kilti, koti na mkoba wa mbele, lakini soksi nunua zako, za sufu, kwa rangi uliyoichagua baada ya kuuliza tartani utakayopewa. Ni kipande cha bei nafuu kuliko vingine vyote, na utakitumia tena. Ukiwa umo katika msafara wa bwana harusi na yeye ameagiza wote mvae soksi za maziwa, vaa za maziwa, kwa kuwa siku hiyo ni yake na sare ya msafara ina uzito kuliko maoni yangu. Mgeni wa kawaida hana kifungo hicho.