Kifurushi Kiliisha, Tukaiacha TV Iwake

Mwezi uliopita kifurushi kiliisha Jumanne usiku, saa mbili kasoro, taarifa ya habari ikikaribia kuanza. Baba Junior akashika simu alipie. Nikamwambia tujaribu wiki moja bila kulipa. Aliniangalia kama niliyesema tukate umeme.

Arusha tuliingia digitali mwaka 2013, miezi michache baada ya Dar es Salaam kuzimiwa analojia tarehe 31 Desemba 2012. Tangu hapo tumezoea kuamini kwamba ukiwa na king'amuzi lazima ulipie kila mwezi. Lakini king'amuzi unanunua mara moja. Cha kila mwezi ni kifurushi. Na kwa king'amuzi cha antena, kifurushi kikiisha, chaneli za bure za kitaifa hazitakiwi kukatika: TBC1, ITV, Channel Ten, Star TV, EATV.

Kwenye madishi ya kulipia mambo yaliwahi kuwa mengine. Mwaka 2018 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliwaagiza wenye madishi hayo waziondoe chaneli za bure kwenye vifurushi vyao, kwa hoja kwamba leseni zao hazikuwaruhusu kuzibeba. Nilikasirika sana, nikaona nimenyang'anywa ITV yangu. Siku hizi naona hoja ilikuwepo. Nilikuwa nalipia kitu kinachopita bure juu ya bati langu.

Basi tukaitoa antena stoo, pamoja na king'amuzi chake. Fundi, kijana wa hapa hapa Kijenge, kabla hajapanda akaniuliza, "Mama, majirani wenye antena wamezielekeza wapi?" Akatazama paa tatu nne, akageuza yetu ielekee huko huko. Mimi nikawa dirishani na rimoti, napiga kelele: imekuja, imekata, rudi kidogo! Enzi za analojia mawimbi yakiwa dhaifu ulipata chenga, na mtu ulivumilia ukatazama hivyo hivyo. Digitali haina chenga. Ama picha ni safi, ama mtangazaji anaganda mdomo wazi, uso umekatika vipande vipande. Tulihangaika karibu saa nzima, kumbe mchawi ni waya: ulikuwa umeungwa kwa kusokotwa na kufungwa selotepu, ndani umeshika kutu. Tukaweka mpya. Waya na fundi kwa pamoja havikufika bei ya kifurushi tulichokuwa tunalipia.

Si kila mtu atabahatika hivyo. Dada yangu anakaa bondeni na kilima kimemkinga na mnara. Antena kwake ni pambo. Mtu kama huyo bora dishi na risiva ya chaneli za bure za setilaiti, ajiandae tu kukutana na chaneli nyingi za lugha asizozijua. Wanaosema "angalia mtandaoni, bure" nawaomba waje wanilipie bando.

Mpira ndio mfupa. Ligi Kuu iko Azam, televisheni ya kulipia, kwa mkataba wa 2021 wa miaka 10 na shilingi bilioni 225.6, na antena yangu haina ubavu huo. Kama nyumbani kwako kila mechi ni ibada, lipia, sitakucheka. Kwetu tulipiga hesabu tukakuta mechi ambazo Baba Junior anazitazama mpaka mwisho ni mbili tatu kwa mwezi. Siku ya Simba na Yanga anakwenda banda umiza, anatoa kiingilio chake, anarudi sauti imemkauka. Anasema kule mpira una utamu kuliko sebuleni, na mimi sebule nabaki nayo.

Ile wiki moja sasa ni ya sita. Juzi upepo uligeuza antena katikati ya taarifa ya habari. Kabla sijatafuta namba ya fundi, nikasikia bati linalia juu, na sauti ya Baba Junior: "Imekuja?"