Anaandikia laptop, anapimwa kwa peni

Mtoto wa Kitanzania akianza la kwanza anapewa penseli na raba, kichongeo mara nyingi ni wembe, na hapo ndo KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) inapoanzia. Akifika la tatu au la nne, inategemea na mwalimu, anaruhusiwa peni, na kwa mtoto hicho ni cheo kabisa, ila sasa akikosea hafuti tena, anakata mstari na kosa linabaki linaonekana. Sekondari ni kaunta buku na mkebe wa hesabu. Chuo ni laptop, au simu kama laptop haipo.

Ukiangalia haraka utasema mtu anapanda ngazi tu, kumbe sivyo. Mtihani wa darasa la saba ulipoanza kusahihishwa kwa mashine 2012, watoto waliokuwa wameshaiacha penseli wakarudishiwa penseli ya HB ili waweke kivuli kwenye herufi ya jibu. Kidato cha nne ni wino wa bluu au mweusi, penseli iwe ya michoro tu. Chuo asaimenti zinatakiwa zimechapwa, halafu UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ikifika unakaa masaa matatu unaandika kwa mkono mpaka vidole vinauma. Mi naona anayeamua mwanafunzi aandikie nini ni msahihishaji, anayejifunza hajaulizwa.

Sasa wanaoitetea peni wana hoja nzito na siwapuuzi. 2014 kule Marekani Pam Mueller na Daniel Oppenheimer walionyesha kwamba wanafunzi wanaochukua notsi kwa laptop wanaandika maneno mengi ya mwalimu kama yalivyo, ila kwenye maswali ya kuelewa wanazidiwa na walioandika kwa mkono, maana mkono ni wa polepole kwa hiyo inabidi uchague cha kuandika. Waliokuja kurudia utafiti huo baadaye hawakupata tofauti iliyo wazi kiasi hicho, hilo nalo lisemwe. Sweden 2023 serikali ilianza kurudisha vitabu na mwandiko wa mkono madarasani, na watu wetu wanalitaja sana hilo, ila Sweden wanarudi kutoka mahali ambapo sisi hatujafika bado.

Upande wa pili ndo unaoniuma zaidi. Kijana katoka shule ya kata, kafaulu vizuri, anaingia mwaka wa kwanza chuo na kibodi ndo anaigusa kwa mara ya kwanza. Asaimenti anaiandika kwa mkono anaipeleka steshenari, dada anachapa kwa hela ya kila ukurasa, na akitaka kubadilisha aya moja analipa tena au anaiacha hivyo hivyo. Mwenzake aliyezoea kompyuta tangu zamani anaandika, anasoma, anafuta, anapanga upya hata mara nne. Hapo tofauti sio akili. Kuchapa kunamrudishia mwanafunzi ile raba aliyonyang'anywa la nne, na maandishi mazuri yanatokana na kurudia, kila anayeandika anajua.

Kutoa vifaa peke yake hakutoshi lakini. Kenya waliahidiwa laptop za darasa la kwanza kwenye kampeni za 2013, tableti zikaanza kwenda mashuleni 2016, ila KCPE, mtihani wao wa kumaliza shule ya msingi, ikaendelea kuwa ya karatasi mpaka ya mwisho 2023. Mwalimu mwenye mtihani mbele yake atafundisha kile kinachopimwa, na huwezi kumlaumu.

Halafu ChatGPT, programu inayoweza kumwandikia mwanafunzi kazi yake, ikaja mwishoni mwa 2022 ikavuruga kila kitu, sasa wapo wahadhiri wanataka hata kozi waki, zile kazi za katikati ya muhula, ifanyike kwa mkono darasani. Nawaelewa, ukumbini kwenye mtihani peni ibaki. Ila ukiondoa kazi za kuchapa zote unamuumiza yule yule wa shule ya kata, chuo kilikuwa ndo nafasi yake pekee ya kujifunza kuchapa.

Kwangu mimi shule ya msingi iachiwe penseli na peni bila haraka. Kibodi ianze sekondari, na isiwe somo la kompyuta la wachache, iingie kwenye Kiswahili, historia, baiolojia, kila muhula insha moja ichapwe shuleni hapo hapo, irudishwe na masahihisho, irekebishwe, na ile nakala ya pili ndo ipewe maksi. Hata kompyuta 10 kwa darasa la watu 60 zinatosha wakipokezana, mradi zisikae zimefungiwa ofisini.