Juma Hamisi, Dirisha Namba Tatu

Jamani, ukisimama kwenye foleni ya Watanzania ukaita "Juma Hamisi!" halafu wakasimama wanne, kosa ni la nani? Leo karani kakasirika tena, kagonga meza, kasema watu hawana ustaarabu. Ustaarabu upi, bibie? Umeita, wameitika.

Wanne wote wako dirishani. "Nimemwita mmoja," anasema binti karani. "Ndiye mimi," wanajibu kwa pamoja, kwa heshima zote. Jina la tatu? Mmoja Salumu, mmoja Mohamedi, wanarudi kukaa. Waliobaki, kijana na mzee mwenye baraghashia, wote ni Juma Hamisi Juma. Binti anaona anataniwa. Hataniwi! Mtoto wa kiume hupewa jina la babu yake: Juma kamzaa Hamisi, Hamisi kamzaa Juma, na fomu yenye nafasi tatu haitaona jina jipya mpaka kiama.

"Basi tarehe ya kuzaliwa." Hapo angalau kuna akili, maana namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20 na nane za mwanzo ndizo tarehe yenyewe. Mzee anasoma polepole: 19580612. Binti anabofya, anatazama kalenda, anatabasamu kama aliyemkamata mwizi. "Mzee wangu, tarehe 12 Juni 1958 ilikuwa Alhamisi. Juma si ni wa Ijumaa?"

Foleni nzima kimya. Mzee anavua baraghashia, anaivaa tena.

"Binti yangu, nilizaliwa saa mbili usiku."

"Saa mbili usiku ya Alhamisi."

"Ya kuamkia Ijumaa."

"Alhamisi, mzee."

Sasa hapa ndipo taifa linapokwama. Kwa hesabu ya Kiislamu siku huanza jua likizama, si saa sita usiku. Alhamisi ikishaingia magharibi, hiyo ni Ijumaa, kwisha. Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 kasoro, kutegemea mwezi. Daftari la wodini husubiri saa 6 usiku ndipo ligeuze tarehe. Kwa hiyo kila wiki kuna saa kama tano na nusu ambamo mtoto ni Hamisi kwa muuguzi na Juma kwa bibi yake. Mwenye kutaka kuhakiki Juma wake aanze na saa, ndipo afungue kalenda. Akianza na kalenda atawafukuza Juma halali kabisa.

Na huyo Hamisi tusimwonee. Jina lake ni la tano kwa Kiarabu, kwa kuwa Waarabu huhesabu kuanzia Jumapili. Sisi tunaanza Jumamosi, kwa hiyo tano yetu ni Jumatano, na kesho yake tunaitaja tano tena kwa Kiarabu. Wiki moja, tano mbili, na hakuna aliyewahi kuandamana.

Juma mwenyewe katoka kwenye siku ya mkusanyiko, ile yenye sura yake katika Kurani, ya 62, aya 11 tu. Aya ya 9 inaamuru ikiadhiniwa muache biashara mwende kwenye sala. Ya 10 inasema ikimalizika mtawanyike mkatafute riziki. Kuna madirisha yanaishika ile ya 9 tangu saa nne asubuhi, ya 10 hayajaifikia.

Tahajia? Usiniulize. Juma, Jumaa, Kenya wapo Jumah, ukivuka ziwa kwenda Kongo unakuta Djuma. Cheti cha kuzaliwa kikiwa na a moja na cha shule a mbili, andaa kiapo kwa wakili, maana herufi moja inatosha kukufanya watu wawili. Dada zao, Mwajuma na Mwanajuma, wanapata adhabu hiyohiyo kwa silabi nzima.

Halafu wazazi wa siku hizi wanakwambia Juma ni jina la kizamani. Mtoto kazaliwa Ijumaa mchana kweupe, haina ubishi, anaitwa Jayden! Mwulize baba yake Jayden ni siku gani. Wale walioshikilia dini nao wanataka Rayan na Ayman. Juma anabaki kuwa jina la katikati, la kumtaja babu kwenye fomu. Jina alilokimbia nalo Juma Ikangaa akashinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1! Huyo hata Boston alishika nafasi ya pili miaka mitatu mfululizo, 1988 mpaka 1990, hakuna aliyemwambia ana jina la kizamani.

Mahali pekee ambapo Juma bado anaheshimiwa ni kwenye hesabu za shule ya msingi. Juma ana machungwa 12, amempa Asha 5, amebakiwa na mangapi? Hajawahi kuuliziwa tarehe ya kuzaliwa, wala hajawahi kuitiwa kiapo. Ila machungwa yote hayo anayatoa wapi? Kule Muheza, Tanga, wanayalima kwa jasho, msimu ukiwaka mnunuzi anakuja na lori, anajipangia bei mwenyewe, na akipima kwa gunia analijaza mpaka linaota kichwa, eti hilo nalo ni gunia moja. Moja kwa hesabu ya nani?