Nanotyubu za kwenye kompyuta, tuziamini mpaka wapi?

Juzi nimekaa na vijana wawili wanaosoma masta hapa Dodoma, mmoja anataka tasnifu yake iwe ya kumodeli nanotyubu za kaboni kwa kompyuta, mwenzake anamwambia kaka hiyo sio sayansi, utamaliza miaka miwili hujashika hata punje ya kaboni. Nimelala nalo hili suala kwa sababu kila mmoja ana hoja, ila mimi upande wangu ninao na nitausema.

Kwa ambaye hajakutana nazo: chukua utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja, umesukwa pembe sita pembe sita kama sega la nyuki, uviringishe kama mkeka mpaka kingo zishikane, hiyo ndo nanotyubu. Sumio Iijima wa Japani ndo aliyefanya dunia izitazame, 1991. Utamu upo kwenye namna ya kuviringisha, maana kila mviringisho una namba zake mbili, n na m, toa m kwenye n, jibu likigawanyika kwa 3 tyubu inapitisha umeme kama metali (zile nyembamba sana zinakaidi kidogo), lisipogawanyika inakuwa semikondakta, yaani inapitisha umeme nusu nusu kama silikoni. Hili lilitoka kwenye hesabu 1992, vipimo vya maabara vikaja kulithibitisha 1998. Miaka sita! Kwa hiyo anayesema modeli ni mchezo wa laptopu aanze kwanza kulijibu hilo.

Lakini yule mwenzake naye asidharauliwe, kuna sehemu namba za kompyuta zinapotosha kabisa. Mfano ninaoupenda ni unene wa ukuta. Mwaka 1996 Yakobson na wenzake walilinganisha simulesheni ya atomu na hesabu za kawaida za mirija za wahandisi, wakapata ukuta wa nanomita 0.066 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita) na ugumu, yaani ukaidi wa kuvutwa, wa terapaskali 5.5 (terapaskali ni kipimo cha ugumu huo). Wengine wengi wanachukua unene wa nanomita 0.34, ule umbali kati ya tabaka na tabaka kwenye grafaiti, wanapata kama terapaskali 1 tu (chuma cha pua ni kama 0.2). Sasa zidisha ugumu kwa unene pande zote mbili uone, jibu ni karibu lile lile, yaani tyubu haijabadilika hata kidogo, kilichobadilika ni unene alioamua mtu. Msomaji anayeona 5.5 bila kuambiwa unene anaondoka na uongo, hata kama hakuna aliyekusudia kudanganya.

Na kuvunjika ndo balaa zaidi. Fomula ya Brenner ya 1990 ya kukokotoa nguvu kati ya atomu, ambayo imetumika sana, inazimwa taratibu atomu zikiachana kati ya nanomita kama 0.17 na 0.2, na pale pale inapozimwa inazalisha nguvu ambayo kwenye kaboni ya kweli haipo, tyubu inaonekana sugu kuliko ilivyo. Afu kumbuka simulesheni inapiga hatua ya femtosekunde 1 hivi, hatua milioni nzima ni nanosekunde 1, kwa tyubu moja safi isiyo na kasoro, wakati uzi halisi wa nanotyubu ni tyubu mabilioni zenye urefu tofauti, zimelaliana tu na zinateleza. Ndo maana uzi unakatika mapema mno ukilinganisha na tyubu moja.

Kwetu huku visima vingi vina maji ya chumvi, kwa hiyo habari ya maji kupita ndani ya nanotyubu, ambazo wengine wanazifikiria kwa kuchuja chumvi, inanigusa. 2001 Hummer na wenzake walionyesha kwa kompyuta tu kwamba maji yanaingia kwenye tyubu ya (6,6), yaani n ni 6 na m ni 6, yakiwa foleni moja na yanapita haraka, 2006 maabara moja Marekani ikapima tyubu za chini ya nanomita 2 ikakuta maji yanapita zaidi ya mara elfu ya makadirio ya kawaida. Ushindi wa modeli. Ila 2016 vipimo vya Ufaransa vikakuta tyubu za boroni naitraidi (boroni na naitrojeni badala ya kaboni), zenye umbo lile lile, maji hayatelezi hivyo, na modeli zinazochukulia ukuta kama vigololi tu bila elektroni zinazocheza zilikuwa hazijaliona hilo.

Kwa hiyo msimamo wangu, kijana amodeli. Hadubini ya elektroni ni ghali, programu za simulesheni kama LAMMPS na Quantum ESPRESSO ni bure. Lakini aandike unene aliotumia, arudie kazi kwa fomula mbili tofauti, na aanze na kitu kilichokwisha pimwa maabara ajue kompyuta yake inakosea kwa kiasi gani kabla ya kutabiri kipya. Nimemwambia hivyo, ameanza na ugumu wa tyubu ya (10,10), na yule mbishi ndo amekubali kumkagulia namba.